Shajara: kung'arisha lenzi za hadubini kwa leza ya duka la mabango

Jumapili, 14 Januari

Naanza kuandika leo maana nikisubiri kazi ikamilike nitasahau namba, na kwenye hii kazi namba ndo kila kitu. Mimi ni fundi wa hadubini, nyingi ni za shule za sekondari na maabara ndogo ndogo za Dar na Pwani. Ugonjwa mkubwa wa hadubini zetu huku siyo kuanguka, ni fangasi. Kifaa kinafungiwa kwenye boksi la mbao, boksi linawekwa kabatini, masika inapita na unyevu wake wote, siku mwalimu anafungua anakuta lenzi ina utando kama wa buibui. Ukiuwahi unafuta unatoka. Ukichelewa yule fangasi ameshatoa asidi imekula kioo chenyewe, na hapo hata usafishe na nini yale matawi matawi yanabaki yamechorwa.

Lenzi za juu siwezi kuzigusa, zile ni kazi ya kiwanda. Ila lenzi ya chini, ile inayokaa juu ya taa inakusanya mwanga, yenyewe haitengenezi picha, inasukuma mwanga tu uende kwenye kondensa (lenzi ya chini ya meza ya slaidi), kwa hiyo haihitaji usahihi wa kutisha. Nina hadubini 11 kwenye shelfu zimekwama kwa sababu ya hiyo lenzi moja tu, spea zake hazipo, modeli zenyewe zilishaacha kutengenezwa.

Nimekuwa nasaga lenzi mwenyewe na kung'arisha kwa njia ya zamani, unga wa seriamu oksaidi na maji juu ya kitanda cha lami. Siyo lami ya barabara, hii ni ya kung'arishia vioo, ngumu kidogo, inatakiwa ishike umbo la lenzi huku ikijilaza taratibu. Shida ni kwamba Januari hii chumba changu hakina AC, mchana lami inakuwa laini kama chapati mbichi, inapoteza umbo, lenzi inatoka na kingo zimeshuka. Nafanya kazi usiku, lenzi moja inanila siku nzima ukijumlisha. Kwa lenzi 11 sitafika popote.

Ndo nikaanza kuwaza leza. Ile leza ya kabonidayoksaidi inayokata akriliki kwenye maduka ya mabango na ngao za tuzo, mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, na kwa mwanga huo kioo ni ukuta kabisa, hakipitishi. Nguvu yote inaishia kwenye ngozi ya juu, kina cha mikromita chache mpaka makumi kadhaa. Ngozi inapata moto inalainika, na kioo hakina nyuzi moja ya kuyeyukia kama barafu, kinalegea pole pole kama asali, halafu mvuto wa uso wa kimiminika unavuta vilima kujaza mabonde, kama uji wa moto unavyojilaza wenyewe kwenye bakuli. Hakuna unga, hakuna kusugua, hakuna kioo kinachoondolewa.

Wala siyo wazo langu. Leza ya aina hii aliigundua Kumar Patel pale Bell Labs mwaka 1964. Kule Aachen, Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer ya teknolojia ya leza imekuwa ikifanyia kazi ung'arishaji wa vioo kwa njia hii kwa miaka. Na maabara ya Livermore, California, ile yenye mashine ya miale 192 ya leza, wanatumia leza hii hii kutibu vidonda vidogo kwenye vioo vyao vikubwa ili visiendelee kukua. Kama wenzetu wanatibu vioo vya gharama ile, basi lenzi ya kukusanya mwanga ya shule inawezekana.

Nimeongea na mwenye duka moja Kariakoo, ana mashine ya wati 60, Jumapili huwa anafunga. Amekubali nilipie umeme na nimlipe dogo anayeiendesha.

Jumapili, 21 Januari

Leo ilikuwa ya kuangalia tu kioo kinajibu vipi. Nilichukua slaidi za hadubini, zile za kioo cha kawaida, nikazisugua kwa msasa wa maji namba 800 (namba ikiwa kubwa mchanga ni laini zaidi) mpaka zikawa na ukungu, nikaziweka chini ya leza ikiwa nje ya fokasi, yaani mbali na pale mwanga unapokutana, pawa asilimia 30.

Slaidi ya kwanza mstari wa kwanza ulitoka safi, nikafurahi, ukungu umefutika kabisa na chini yake naona maandishi ya gazeti. Kama sekunde nne hivi baadaye ikalia ta! ikagawanyika mara tatu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilisubiri mpaka nimeishika mkononi ndo ikapasuka, bahati nilikuwa na glovu. Dogo akaniambia, "Kaka, mbona hii inakufa ikishapoa?" Na hilo ndo swali lenyewe hasa. Haipasuki kwa kupata moto, inapasuka kwa kupoa. Ngozi imeyeyuka imetulia, ikianza kuganda inataka kunywea lakini mwili wa chini ni wa baridi hautaki kunywea nayo, ngozi inabaki imevutwa, na kioo kikivutwa hakivumilii.

Kioo cha kawaida kinatanuka karibu sehemu 9 kwa milioni kwa kila digrii moja. Borosilikati, kile cha bika za maabara, ni 3.3. Kioo cha kwatzi ni 0.55. Kwa hiyo kwatzi unaipiga leza ikiwa ya baridi haistuki, ila bei yake sina, na inataka moto mkali sana. Naenda na borosilikati. Vidonge vyangu vya kioo, vile nitakavyovisaga viwe lenzi, kipenyo mm 20 unene mm 8, niliagiza China kupitia watu wa kagro, vipo. Na nimeelewa kwamba lazima vipate moto kwanza mwili mzima kabla leza haijagusa.

Jumapili, 28 Januari

Wiki nzima nimejenga tanuri. Ni dogo, linaingia kwenye kiganja, sufi ya seramiki ndani ya kopo la bati, waya wa koili ya jiko la umeme nimeuzungusha ukutani, themokapo (waya wa kupimia joto) aina ya K na kontrola ya joto ya kununua. Juu kuna mfuniko wenye tundu la mm 30 leza ipite. Linafika digrii 500 kwa dakika 40 na linakaa hapo.

Nilichojifunza leo dukani ni kwamba tanuri la digrii 500 ndani ya mashine iliyojengwa kukata plastiki ni kitu cha kuheshimu. Moto unapanda wima. Bomba la hewa la plastiki lililokuwa juu ya tundu lililainika likashuka kama tambi, nikazima kila kitu. Nimeweka ngao ya bati la alumini chini ya kichwa cha leza, nozeli nimeitoa maana hewa yake ilikuwa inapuliza kioo moja kwa moja na kukipoza, sasa hewa inapita kwa pembeni kulinda lenzi ya mashine. Ile lenzi ni ya zinki selenaidi, ya rangi ya njano, ikipasuka kwa joto vumbi lake ni sumu, sitaki hilo litokee kwenye duka la mtu. Mfuniko wa mashine haufunguliwi leza ikiwa inafanya kazi, huo mwanga hauonekani na ukirudi ukakupiga jichoni unaunguza konea kabla hujajua.

Jumapili, 4 Februari

Imekubali!

Kidonge bapa cha borosilikati, kimesagwa mpaka namba 800, tanuri 500, leza asilimia 30 ambayo kwa kipimo changu ni kama wati 18 zinazofika, kioo kipo mm 20 chini ya fokasi kwa hiyo doa lina upana wa kama mm 2 na nusu. Spidi mm 10 kwa sekunde, mistari imepishana kwa mm 0.4. Nilikuwa naangalia kupitia mfuniko, doa linawaka rangi ya chungwa nyeupe nyeupe, nyuma yake linaacha njia inayong'aa kama maji, mbele bado ni ukungu. Mpaka unatembea pole pole, upande mmoja kioo upande mmoja barafu. Dogo naye alikuwa ameinama pembeni yangu hatukuongea mpaka ikaisha.

Halafu kupoza. Nikapandisha tanuri mpaka 560, ambako borosilikati inaachia mkazo wake, dakika 30, kisha kushuka digrii moja kwa dakika mpaka 450, halafu nikazima lijipozee lenyewe. Saa tano jumla. Kikatoka kizima. Kila mtu akiongelea leza anasema dakika moja, dakika moja, na kweli leza ni dakika moja, ila kazi ipo kwenye kupoza.

Kipimo changu ni nondo za dirisha. Nashika kioo naangalia taswira ya nondo ikiakisi juu yake. Kioo kikiwa na ukungu nondo hazionekani. Hiki nondo zinaonekana kali, nyeusi tii, ila zimejikunja kunja kama ukiangalia ndani ya maji yanayotikisika. Ile mistari ya leza imeacha mawimbi, vimatuta vya upana wa mstari. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo mdogo umekufa kabisa lakini mawimbi mapana yamezaliwa.

Kitu kingine cha leo, chila ya kupozea tyubu, lile bomba linalotoa leza, ilikuwa imewekwa digrii 18. Kwa hewa ya Dar mwezi wa pili hiyo ni kuomba umande, tyubu ilikuwa inatoa jasho nje, na kwenye ncha zake kuna umeme wa maelfu ya volti. Nimeweka 26. Wenye mashine za aina hii ukanda wa pwani angalieni hilo.

Jumapili, 11 Februari

Leo lenzi zenyewe, siyo bapa. Nimesaga tatu kwa kikombe cha shaba, upande mmoja bapa mwingine umebinuka, nusu kipenyo cha mbinuko mm 12, upana wa lenzi mm 18. Kwa kioo hiki kinachopinda mwanga kwa 1.47 unagawanya 12 kwa 0.47 (1.47 toa 1) unapata fokasi ya mm 25 na nusu, ndo ninayotaka.

Lenzi namba 1 nimepiga kwa mistari ya kwenda na kurudi. Mbaya. Leza ikifika ukingoni inapunguza spidi ili igeuke, hapo moto unalundikana, ukingo wa lenzi umeyeyuka ukajiviringa kama mdomo wa chupa. Namba 2 nikaacha leza igeukie nje ya kioo, ikawa afadhali, matuta bado yapo.

Hiyo namba 2 nikaiweka ipoe, nikiwa kwenye digrii 520 umeme ukakatika. Mgao. Tanuri langu dogo halina akiba ya joto, ndani ya dakika 10 lilikuwa limeshuka zaidi ya 200. Lenzi ilitoka nzima kwa macho. Nikaiweka katikati ya vipande viwili vya plastiki ya polaraiza nilivyobandua kwenye kalkuleta mbovu, ukivipishanisha vinakuwa giza, na kitu chenye mkazo katikati yake kinawaka. Ikawaka msalaba mweupe mkali, kingo zinatoa mwanga. Nikaiacha mezani nikasema ngoja nione. Naongezea hapa Jumanne: leo asubuhi nimeikuta vipande viwili, hakuna aliyeigusa.

Nimeumia kweli, siku mbili za kusaga zile. Nimenunua betri na inveta ya tanuri tu, leza ikikatika sijali, tanuri likikatika lenzi imekufa.

Jumapili, 18 Februari

Nimebadilisha mpango mzima. Kichwa cha leza nimekiacha kimesimama, lenzi ndo inazunguka. Mota ya steppa inazungusha fimbo ya seramiki inayopita chini ya tanuri, mota nyingine inasogeza tanuri lote kwa skrubu, Arduino, ile sakiti ndogo ya kuprogramu, inaziendesha zote mbili. Njia ya leza inakuwa kama gamba la konokono, mzunguko kutoka nje kwenda katikati, kila mzunguko unasogea mm 0.4. Ili kioo kipite chini ya leza kwa mm 10 zile zile kwa sekunde, ukingoni lenzi inazunguka kama mara 11 kwa dakika, na kadiri unavyoingia ndani ndo inabidi izunguke haraka zaidi. Lenzi nzima kama dakika moja na sekunde chache.

Namba 3 ilitoka na matuta karibu hamna! Nondo zimenyooka pembeni pote. Lakini katikati kuna shimo, kitovu kabisa, upana mm 3. Nimekaa nikafikiria. Leza ina doa la mm 2 na nusu, ukifika katikati hata uzungushe vipi doa halitoki pale pale, linaunguza sehemu moja. Na juu ya hilo, dakika nzima ya wati 18 kwenye kioo cha gramu 3 imeshapandisha joto la lenzi yote, kwa hiyo katikati inafikiwa ikiwa tayari ya moto kuliko ukingo ulivyokuwa. Namba ile ile ya pawa, kioo tofauti.

Kuzunguka kidonge kulikuwa pia na utando mweupe kama chumvi. Huo ni mvuke, sodiamu na boroni zinaruka kioo kikizidishiwa moto halafu zinatua pembeni penye ubaridi. Unafutika kwa kitambaa chenye maji, lakini ukiuona ujue umezidisha.

Jumapili, 25 Februari

Mwenye duka amenikubalia niunganishe waya wa kurekebisha pawa, ule wa volti 0 mpaka 5 kwenye sapulai ya leza, kwa Arduino yangu kupitia swichi, nikimaliza narudisha ilivyokuwa. Upande wa volti kubwa sijagusa na sitagusa. Sasa pawa inaanza asilimia 30 ukingoni inashuka mpaka 22 karibu na katikati, na leza inazimika ikibaki mm 0.6 kufika kitovu, joto la jirani linamalizia lenyewe. Tanuri nimelishusha mpaka 480.

Namba 4 kitovu kimekuwa kilima badala ya shimo, nilizima mapema mno, mm 1. Namba 5 sawa. Namba 6 sawa kabisa. Yaani nimeishika namba 6 nikaigeuza geuza dirishani, nondo zinapita juu yake kutoka ukingo mpaka ukingo bila kukatika, nikaiweka chini ya hadubini nikamulika kwa ubavu kutafuta mikwaruzo ya msasa sikuiona hata mmoja.

Nikapima fokasi, nikalenga taa ya barabarani ya mbali ukutani: mm 26.3. Nilisaga kwa 25.5. Lenzi imelala kidogo, mbinuko umepungua kwa sababu mwili ulikaribia digrii za kulegea. Leza inanyoosha ngozi tu, umbo ni lile ulilolisaga, na ukizembea na joto hata hilo unalipoteza. Zinazofuata nasaga kwa mm 11.7 ili zikilala zifike ninapotaka.

Jumapili, 3 Machi

Namba 7 na 8 zimetoka na vidoti vyeusi na mapovu. Kosa ni la kusaga, niliharakisha, nikatoka namba 220 kwenda 800 bila kupita 400. Mchanga mkubwa unaacha nyufa zinazoingia ndani kuliko leza inavyoyeyusha, ndani ya nyufa kuna tope la kusagia, leza inaliziba humo humo. Sasa nasaga 220, 400, 800, 1200, na kila hatua naosha kwa brashi na sabuni.

Nilikuwa na kipande kimoja cha kwatzi nikajaribu pia kuchonga, siyo kung'arisha, yaani kuchimba umbo kwa kuchemsha kioo kiwe mvuke. Inawezekana, kwenye fokasi na pawa ya juu kwatzi inaruka bila kupasuka na bila tanuri, nikapata kibakuli cha mm 2. Lakini kina cha kibakuli hakitabiriki, kila pigo linachimba tofauti kidogo kwa sababu tyubu ya bei hii pawa yake inacheza cheza. Kwa lenzi yangu kusaga kwa mkono kunanipa umbo bora zaidi. Nimeliacha.

Jumapili, 10 Machi

Namba 9 nimeifunga jana kwenye hadubini ya shule moja ya Kibaha. Fokasi mm 25.6. Kwenye polaraiza ni giza, ukingoni tu kuna mwanga hafifu, nimeridhika.

Nilifanya ulinganisho kabla ya kuipeleka: lenzi niliyong'arisha kwa seriamu mwaka jana na hii ya leza, taa ile ile, kwenye karatasi nyeupe. Ya seriamu duara la mwanga lina kingo kali zaidi, na taswira ya waya wa taa ni safi zaidi. Ya leza ina kimzunguko kimoja hafifu sana karibu na katikati, pale pawa inaposhuka. Kwa kutengeneza picha ningechagua ya seriamu bila kufikiria mara mbili. Kwa kumulika, ukiangalia kwenye hadubini yenyewe huoni tofauti, uwanja wote umejaa mwanga sawa.

Mwalimu wa bailojia alikata ngozi ya kitunguu, akaitia tone la iodini, akaangalia kwa lenzi ya mara 40. Akakaa kimya, akamwita mwanafunzi aliyekuwa anafagia koridoni. "Njoo uone, hizi ndo kuta za seli." Yule binti akainama, akafumba jicho moja kwa mkono, akasema, "Mwalimu, na hivi vidoti vya ndani?" "Hivyo ndo viini." Aliangalia muda mrefu kuliko mimi nilivyotegemea.

Kwenye boksi la mbao nimewaachia mfuko wa silika jeli, na nimemwomba mwalimu asilifungie tena kabatini, hadubini ikae mezani imefunikwa kitambaa ipate hewa, masika imeshaanza kunukia.

Zimebaki 10. Vidonge vinne vimeshafika namba 1200, vimeoshwa, vipo kwenye sahani. Jumapili ijayo napiga viwili, kimoja asubuhi kimoja jioni, na tanuri linalala na betri usiku kucha.